Ngazi za Mbele ya Macho

Saa mbili asubuhi, saa ambayo kituo cha metro cha Ataba hakina nafasi hata ya mtu kupiga chafya, lango moja la tiketi lilikuwa limekabwa na kiti.

Kilikuwa kiti kikubwa cha mbao nyekundu, mgongo wake umechongwa mashada ya zabibu, na chini yake palikuwa na mwanamume. Miguu ya kiti imenasa kwenye vyuma vya lango. Mwenyewe hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi nyuma, na mgongoni kwake watu wanajaa kama maji ya mfereji uliozibwa.

"Kaa basi, bwana, tukuagizie chai!" mmoja akapaza sauti.

"Mwacheni, kaja na kiti chake. Kaambiwa Kairo hakuna pa kukaa!"

Inshirah alikuwa wa pili nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, muuza vifungo katika duka moja la Muski, mrefu, mtulivu, mtandio wake wa kijani umebanwa kwa pini mbili. Koti lake la rangi ya maziwa lilikuwa na vifungo sita vinavyofanana, na cha saba kilikuwa cha bluu, maana mwenye kuuza vifungo ndiye asiyepata wasaa wa kushona chake.

"Kaka, tiketi yako iko wapi?"

Mwanamume aliinua kidevu tu. Tiketi ilikuwa katikati ya meno yake.

Inshirah aliishika ncha kwa vidole viwili, akaitia mashineni. Mashine ikaitema. Akaitia tena, ikaitema tena.

"Umeilowesha mate," alisema. "Hata mimi ningeitema."

Watu wakacheka. Yeye akaifuta kwa mkono wa koti, akaipuliza kama anayepoza uji wa mtoto, akaitia mara ya tatu. Lango likaachia.

"Mungu akuhifadhi, dada," alisema mwanamume alipopata kinywa chake. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa haya. "Nakwenda Manasra kwa wauza samani. Ni upande gani?"

"Nifuate."

Alimfuata. Kiti kikiwa kichwani, hakuona kitu ila visigino vya viatu vyeusi vya Inshirah vikipanda ngazi moja baada ya moja. Ndivyo Hilmi, fundi wa viti kutoka Dumyati, alivyopita Ataba yote bila kuiona.

Kabla ya kuachana walipeana namba, na miezi mitatu iliyofuata mapenzi yao yaliishi kwenye simu. Hilmi alishinda karakana Shubra mpaka Maghribi, Inshirah alishinda dukani. Ijumaa baada ya swala fundi alikwenda Rod al-Farag, akanywa chai na mama yake Inshirah, mlango wa sebule ukiwa wazi kama ada, kisha akaaga. Siku nyingine ni simu.

"Bi Vifungo, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, Fundi?"

"Nimekula maharage na vumbi la mbao."

"Vumbi lilikolea chumvi?"

"Litakolea vipi na wewe haupo, roho yangu?"

"Shika adabu. Mama yuko hapa."

"Basi mama mpe salamu, na hilo la roho yangu ubaki nalo wewe."

Inshirah aliweka simu chini ya mto akatabasamu akiuelekea ukuta, na mama yake akajifanya anahesabu tasbihi.

Lakini ndoa haifungwi na simu. Baba yake Inshirah alikwisha kufariki, na walii wake wa kumwoza alikuwa Ami Shukri wa Tanta, mtu wa swala tano na saa ya mfukoni. Naye alikuwa na mtu wake: mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe, mwenye duka la dengu za kukaanga, linalotazamana na lake.

"Alhamisi nakuja Kairo kung'oa jino," Ami alisema. "Saa saba hadi saa nane mchana nitakuwa Ataba. Nimwone huyo fundi wako kwa macho yangu. Nikiridhika, bismillahi. Nisiporidhika, Ijumaa ya wiki inayofuata nampa mwenye dengu neno langu. Na neno langu, binti, unalijua. Likitoka halirudi."

Inshirah alilijua. Kwa hiyo hakutaka kubahatisha. Ataba ina njia mbili za treni, ngazi zisizohesabika na milango ya kutokea inayomtupa mtu kila upande wa uwanja. Alichukua kadi iliyokwisha vifungo, akaandika nyuma yake kwa herufi za shule ya msingi, kubwa na nyoofu, na Ijumaa akamkabidhi Hilmi. Hilmi aliisoma kwa sauti mbele ya mama:

"Mwongozo wa msafiri. Tiketi ishike mkononi, usiitie kinywani. Usiitupe, mashine ya kutokea itaidai. Ukipita kituo cha Mashahidi anza kusogea mlangoni, usingoje, watu wa Ataba hawangoji. Ukishuka, usigeuke kulia wala kushoto. Ngazi zitakuwa mbele ya macho yako. Panda, toa tiketi, panda tena mpaka uone jua. Hapo utamkuta muuza sharubati. Nami utanikuta."

"Umeniandikia kama ninakwenda Hijja," alisema Hilmi.

"Waliopotea Ataba ni wengi kuliko unavyodhani."

Aliikunja kadi, akaitia mfuko wa kifuani.

Alhamisi, saa saba kamili, Inshirah alisimama juu ya ngazi zake, kando ya muuza sharubati, mbele ya vibanda vya vitabu vya zamani. Ami Shukri alikuwa pembeni na leso shavuni, mahali pa jino pakivuja damu. Kila treni ilipofika chini, ardhi ilitetemeka kidogo na watu wakamiminika juu. Wanafunzi, akina mama na mifuko yao, askari wa likizo. Hilmi hakuwemo. Ikawa saa saba na nusu. Saa ya mfukoni ikatolewa, ikatazamwa, ikarudishwa.

Simu ikalia.

"Uko wapi, Inshirah? Nimefika zamani!"

"Uko wapi wewe? Mimi nipo juu ya ngazi!"

"Mimi ndiye niliye juu ya ngazi!"

"Kando ya muuza sharubati?"

"Nimemgusa bega muuza sharubati mwenyewe! Wewe sikuoni!"

Inshirah akageuka akamtazama muuza sharubati wake. Hapakuwa na mtu aliyemgusa bega.

"Hilmi, usinifanyie hivi. Ami yupo hapa."

"Usinifanyie wewe! Nimefuata kila ulichoandika..."

Ami aliinyakua simu. "Sikiliza, fundi. Mtu anayeshindwa kupanda ngazi, nyumba ataipandisha vipi? Na akidanganya kabla ya ndoa, baada yake je?" Akakata. Saa nane ilipotimia alishuka kuelekea treni ya Tanta, Inshirah akimsindikiza, na njia nzima hakumlaumu kwa neno hata moja. Hilo ndilo lililouma zaidi.

Jioni ulikuja ujumbe mmoja: *Mwambie ami yako nimeelewa. Kama hamkunitaka mngesema, si kuniandikia njia ya kunipoteza.*

Inshirah aliusoma mara tatu. Amenidanganya, tena ananigeuzia kibao, alijiambia. Akaifuta namba. Juma zima aliuza vifungo: vya shanga, vya pembe, vya koti la bibi harusi. Wateja hawakujua kitu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imetulia. Mama yake tu ndiye aliyeona kwamba chai inapoa mbele yake kila siku. Aliswali rakaa mbili za haja, akamwachia Mwenye kujua.

Alhamisi iliyofuata Inshirah alichelewa. Alishuka ngazi za Rod al-Farag mbio, mlango wa treni unalia unataka kujifunga, na wala hakuwa na nafasi ya kukimbilia behewa la wanawake kule katikati. Alijirusha ndani ya lililokuwa karibu. La mwisho. Wanaume watupu, magazeti, jasho na harufu ya sigara zilizozimwa.

Mzee mmoja akasimama. "Kaa hapa, binti yangu. Na nyinyi sogeeni, au mmeota mizizi?"

Inshirah alikaa, akainamisha macho mpaka Ataba. Aliposhuka mawazo yake yalikuwa Tanta, kwenye duka la dengu, na neno litakalotolewa kesho. Miguu ilimpeleka yenyewe kama inavyompeleka siku zote: si kulia, si kushoto, ngazi za mbele. Akapanda, akatoa tiketi, akapanda tena mpaka akaona jua.

Muuza sharubati alikuwepo. Lakini si yule. Na mbele yake hapakuwa na vibanda vya vitabu. Palikuwa na jengo la zimamoto na magari yake mekundu.

Inshirah alisimama pale kama kifungo kilichokatika uzi.

"Umepotea, mpenzi?" aliuliza mwanamke mnene aliyeketi juu ya gunia, soksi zimemzunguka jozi kwa jozi. "Usione haya. Kila siku wanapotea hapa. Wiki iliyopita alikuwapo mmoja, maskini, kavaa suti ya kijivu imepigwa pasi mpaka inakata, ana sinia la keki za basbusa na kisanduku kidogo cha mbao. Toka saa saba."

"Alikaa mpaka saa ngapi, mama?" Inshirah aliuliza.

"Mpaka adhana ya Maghribi. Alikuwa na kadi mkononi, anaisoma, anashuka, anapanda, anaisoma tena. Mwisho akaniwekea sinia. 'Kula wewe, mama, mwenyewe hakuja.' Nikamwambia subiri kidogo, wanawake huchelewa. Akasema, huyu hachelewi."

Huyu hachelewi. Inshirah alikaa kwenye ukingo wa ngazi, watu wakampita kushoto na kulia. Tangu usichana wake hakuwahi kupanda ila mabehewa ya katikati. Alimwandikia mtu wa behewa la mwisho njia ya behewa la wanawake, kisha akamwita mwongo kwa kuifuata. Simu yake alipoitoa, chaji ilikuwa imekwisha.

"Mama, niazime simu yako."

Namba aliifuta, lakini vidole vilikuwa bado vinaijua.

"Alo?" Nyuma ya sauti msumeno ulikuwa unalia.

"Hilmi, usikate. Nijibu swali moja. Ukipanda metro, hupanda behewa la ngapi?"

Msumeno ukanyamaza. "Swali gani hilo sasa?"

"Nijibu, nuru ya macho yangu."

Neno hilo hakuwahi kumwambia. Hilmi akakohoa. "La mwisho. Kuna nafasi kidogo. Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi sijawahi kulipanda mpaka leo. Nimeshuka, ngazi za mbele ya macho yangu zimenileta kwenye zimamoto. Niko hapa, kando ya muuza sharubati wako."

Alimsikia akivuta kitu akakikalia. Huenda kilikuwa kiti ambacho hakijakamilika.

"Kwa hiyo nilisimama pale uliponiambia," alisema polepole.

"Ulisimama pale pale nilipokuambia. Mimi ndiye niliyepotea, Hilmi. Nisamehe."

"Na mimi nilikuandikia maneno ya sumu."

"Uliandika. Na basbusa umempa mtu mwingine."

"Nani kakuambia habari ya basbusa?"

"Mwambie sukari ilizidi!" alipaza sauti mwenye soksi. "Lakini nimeila yote!"

Wakacheka wote watatu, na Inshirah akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kabla hajarudisha simu akapiga Tanta. Alijieleza bila kujificha: kosa si la fundi, kosa ni langu.

"Kosa lako, lake, la treni, mimi sijui," alisema Ami Shukri. "Nilisimama saa nzima na shavu kama tikiti maji. Kesho baada ya swala mwenye dengu anasubiri jibu. Huyo fundi akifika mlangoni kwangu kabla ya adhana ya Ijumaa, nitamtazama usoni. Lakini usimwelekeze! Maelekezo yako tumeyaona. Anayetaka mke awatafute watu wake mwenyewe."

"Tanta ni kubwa, Ami."

"Na mke ni jambo dogo?"

Siku ya Ijumaa Inshirah aliketi na simu mapajani. Adhana ikatoka misikiti yote ya Rod al-Farag, moja ikiipokea nyingine. Swala ikaswaliwa, ikaisha. Mama alileta chai, ikapoa. Ndipo simu ikalia.

"Inshirah!" Ami alikuwa anafoka. "Huyu mtu wako ni balaa! Kaja na treni ya alfajiri, akashukia upande wa pili wa mji, akaanza kuuliza. Kauliza kwa mwoka mikate, kauliza kwa kinyozi, kauliza msikitini. Kila anayemkuta anamwambia, 'Mimi Hilmi wa Dumyati, namtafuta Mzee Shukri, nakwenda kumposa binti wa ndugu yake.' Kila mtu! Kafika mlangoni robo saa kabla ya adhana, nyuma yake nusu ya mtaa, na mwenye dengu yumo, amembebea kisanduku!"

"Na jibu lako, Ami?"

"Jibu gani tena? Tanta nzima imeshanipongeza. Nimerudi swalani mkono unauma kwa salamu." Sauti ikashuka. "Ana macho ya kweli huyu. Hakuniangalia kama aliyeshinda. Mama yako mwambie tutakuja Alhamisi. Na atupokee kituoni mtu mwingine, si wewe."

Mama yake tayari alikuwa amesujudu sujudu ya shukrani.

Sasa wanaishi Shubra, Hilmi amepata kazi Manasra, na kila asubuhi hupanda treni moja: Inshirah katikati na akina mama, Hilmi nyuma na magazeti. Kifungo cha saba cha koti la Inshirah si cha bluu tena. Ni cha mbao nyekundu, kimechongwa shada la zabibu dogo kama ukucha, nacho ndicho kilichokuwa ndani ya kisanduku. Treni ikifika Ataba, wote wawili huziacha ngazi zilizo mbele ya macho yao. Inshirah huenda kuelekea mkia wa treni, Hilmi huja kuelekea katikati, watu wa Ataba wasiongoja wakiwapiga vikumbo, mpaka wakutane.