Kidonge Kwenye Mafuta ya Nguruwe

Kila asubuhi Germana aliwasha moto, akawapikia nguruwe pumba, kisha akampa Polisi kidonge. Polisi alikuwa mbwa, mlinzi wa banda la nguruwe hapo Makambako. Alikuwa na kifafa. Tangu aanze dawa, hakuanguka tena ovyo.

Ila kidonge kikavu alikitema. Sadock, mume wa Germana, alichoma kitimoto sokoni, na mafuta ya nguruwe hayakukosekana nyumbani. Basi Germana akawa anaficha kidonge ndani ya kipande cha mafuta. Polisi anameza bila kutafuna. Dawa ile ilimtia njaa kali, wakawa wanamwongezea vipande vingine. Nani angemnyima mgonjwa?

Siku moja Polisi akatapika. Akatapika tena. Akalaza kifua chini, kiuno juu, akitetemeka kwa maumivu. Chakula hata hakukinusa.

"Dawa hiyo ni sumu," alisema Sadock. "Achana nayo leo leo."

"Nikiiacha ataanguka kifafa, baba Fidelia."

"Na ukiendelea atakufa."

Germana akashika kichwa. Kusuka au kunyoa? Alimpenda mbwa yule, wala hakuona haya kusema hivyo. Akampakia kwenye bajaji hadi kwa Letisia, daktari wa mifugo.

"Kamwene, mama. Mlinzi wetu ana nini?"

Germana akaeleza. Letisia akampapasa Polisi tumbo, mbwa akalia. Akamtoa damu ya kupima.

"Nadhani kongosho limevimba," alisema. "Ni kiungo kilicho karibu na tumbo la chakula. Hutoa maji ya kusaga chakula. Likivimba, maji hayo huliunguza lenyewe."

"Kwa hiyo ni dawa?"

"Huenda. Kwa baadhi ya mbwa, dawa za kifafa huongeza hatari hiyo. Lakini chakula chenye mafuta mengi nacho ni hatari. Unampa nini?"

"Mafuta ya nguruwe. Kidonge nakificha humo."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

"Ehe. Hapo sasa."

"Daktari, mimi nimechanganyikiwa. Niache dawa au niache mafuta?"

"Mafuta, acha leo. Dawa usiikatishe ghafla, anaweza kupata kifafa kisichokoma. Kwa kuwa anatapika, nitampa kwa sindano. Ikibidi kubadili, tutabadili pamoja, polepole."

"Bado hujaniambia kipi kimemdhuru."

"Sijui, mama. Labda vyote viwili. Ila la kufanya nalijua."

Germana alirudi nyumbani peke yake, kichwa kimejaa maswali. Polisi alibaki kwa daktari, akiwekewa maji na dawa ya maumivu.

Aliporuhusiwa, alilishwa kidogo kidogo: wali na kuku wa kuchemsha, ngozi imetolewa. Kidonge kikafichwa kwenye tonge la ugali.

"Mbwa anakula kuku, mimi nakula maharage," alinung'unika Sadock. Lakini wateja wake waliofika nyumbani walipotaka kumtupia Polisi mafuta, aliwazuia yeye mwenyewe.

Baadaye Letisia akaja kumwangalia mgonjwa wake. Alipogusa tu geti, Polisi akachomoka bandani, akabweka, meno nje. Daktari akarudi nyuma upesi, mkoba kifuani.

"Ingia umpime, daktari," alisema Germana.

"Nimeshampima, mama. Mfunge kwanza."

Germana akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akagundua kwamba analia.