Sakafu Yenye Pengo

Injini ilikohoa mara ya mwisho katikati ya ghuba, na dhoruba haikumpa fundi nafasi ya kuikagua. Wimbi liliipiga boti ubavuni, likaipindua, likamtupa mama mkwe wake upande mmoja na dumu la maji upande mwingine. Fundi aliliacha dumu. Alimkamata mama mkwe kiunoni, mtu ambaye tangu aoe hajathubutu hata kukaa naye kiti kimoja, akamvuta mpaka kwenye kibanda kikuukuu cha wavuna chumvi kilichosimama majini juu ya nguzo. Ngazi ilikuwa imebaki nusu. Alipokanyaga kipago cha kwanza, msumari wenye kutu uliingia wayoni.

"Unisamehe, mama, kwa kukushika," alisema walipofika juu.

"Ulitaka nizame kwa heshima?" Mama alikamua mtandio wake. "Lete mguu huo nikufunge."

Boti ilikwenda na upepo. Walichobaki nacho ni chupa moja ya maji iliyokuwa kwenye kikapu cha mama, na mfuko wa vifaa ambao fundi alikuwa ameuvaa mgongoni: nyundo, msumeno, kamba, misumari. Mama alimcheka kwamba angeuvaa hata siku ya harusi. Na ni kweli, siku ya harusi aliuvaa.

Kulipokucha, mvua ilikuwa imekata. Ng'ambo ya ghuba meli nyeupe ilionekana gatini, ndogo kama sahani iliyoegemezwa ukutani. Meli hiyo ilikuwa inaondoka jioni, na mke wa fundi alikuwa na tiketi yake. Alikuwa amepata kazi nchi za mbali, mkataba wa miaka miwili. Fundi aliitazama meli mpaka macho yakamuuma. Alimtamani mkewe kuliko alivyoyatamani maji, na koo lake lilikuwa limekauka kama msasa.

Huyu fundi kazi yake ni kujenga nyumba za watu juu ya maji. Ya kwake aliianza vizuri, akasimamisha nguzo zote, akafunga boriti. Kisha zikaja kazi za watu. Mkewe akawa anapanda ngazi kila jioni na kukaa juu ya boriti miguu ikining'inia, akionyesha kwa kidole: hapa kitanda, hapa jiko, hapa dirisha la kukuona ukirudi. Fundi alimjibu, "Baadaye, mke wangu." Siku moja mke alishuka, akahamia ng'ambo ya ghuba, na hakupanda tena. Ndege ndio waliobaki kwenye hizo nguzo.

Ndiyo maana mama mkwe alikuwa safarini. "Akikuona peke yako atafunga mlango," alisema walipokuwa wanaondoka. "Akiniona mimi, itabidi afungue."

Maji yalipopwa, ndege weupe wenye mabawa meusi walishuka wakiwa kundi zima. Miguu yao ilikuwa mirefu, myembamba, myekundu. Walitembea kwa mstari kuelekea gatini, na maji hayakuwafika hata magotini.

"Pale pana mchanga," fundi alisema. "Mama, nitawafuata. Nikifika nitaleta watu."

"Subiri kwanza tufikiri."

Hakusubiri. Alishuka, akapiga hatua chache akitabasamu, kisha tope likamla mpaka kifuani. Kila alipojitikisa lilimkaza zaidi. Mama alifunga kamba kwenye nguzo, akamtupia ncha, wakavutana mpaka viganja vya mama vikachubuka. Fundi alipanda juu akiwa mweusi tii, anatetemeka.

"Ndege ana uzito wa mkate," mama alisema. "Wewe umekula kwangu miaka mingapi?"

Walikunywa funda moja moja. Fundi alilala chali akiangalia miguu ya wale ndege, kisha akaangalia nguzo za kibanda. Zilikuwa zimesimama kwenye tope lile lile na hazikuzama. Alijua sababu, maana angefanya vile vile: chini ya kila nguzo fundi wa zamani alipigilia mbao mbili zilizolazwa, zenye upenyo katikati ili tope lisinyonye. Mafundi huziita viatu.

Alikaa. "Mama, uliwahi kutembea kwa mironjo?"

"Ile miti mirefu ya kuchezea? Utotoni nilikuwa nawashinda wavulana."

"Nitatengeneza. Nitaivisha viatu. Ila itabidi ning'oe sakafu hii."

Mama aliangalia mbao chache walizokalia. "Tukiing'oa hatuna pa kurudi."

"Hatuna, mama."

Alifanya kazi jua likimchoma shingo. Jozi ya mama aliitengeneza kwanza, kwa fito za paa zilizonyooka, vikanyagio imara, viatu vipana. Kisha akaanza kumpigia mama tegemeo la tatu, fimbo ya kushikilia, akailainisha ncha isimchome.

"Na yako?" mama aliuliza.

"Baadaye."

"Neno hilo ndilo lililomchosha mwanangu."

Nyundo ilibaki hewani. Fundi aliiweka chini taratibu, na macho yakamjaa maji, ingawa mwili ulikuwa umeishiwa maji. Kisha akatoboa sakafu aliyokuwa amesimama juu yake, akachagua ubao mzuri kuliko zote zilizobaki, akajitengenezea viatu vyake.

Mama alitangulia. Alitembea kwa kujiamini kana kwamba utoto wake ulikuwa jana. Fundi alifuata akiyumba, damu ikichuruzika kwenye fito, kidonda kikimpwita kila hatua. Alianguka, akapandishwa kwa fimbo, akaanguka tena. Maji ya mwisho mama alimpa yeye. Ndege waliwapisha bila haraka, wakaendelea kula.

Meli ilipopiga honi walikuwa bado majini. Fundi aliona ngazi yake ikivutwa, akaona moshi. Aliendelea kutembea huku analia, kwa sababu kusimama ni kuzama.

Gatini mwanamke mmoja alikuwa amekaa juu ya sanduku lake. Asubuhi boti ya mumewe ilikuwa imeletwa na mawimbi kichwa chini. Alipowaona wale wawili warefu, aliingia majini na viatu vyake.

"Umekuja kuniambia nini?" aliuliza, akiwa amemshika mumewe kichwa.

Fundi alikuwa na hotuba nzima. "Maji," alisema.

Alimnywesha. Fundi hakumwambia asiende, na mke hakusema atabaki. Meli nyingine ilikuja wiki iliyofuata, na fundi ndiye aliyembebea sanduku. Kabla ya kupanda, mke aliung'oa ubao mmoja wa kiatu kwenye mronjo wa mumewe, akaufunga ndani ya kanga yake.

"Kajenge sakafu," alisema. "Uache nafasi ya huu. Nitaupigilia mwenyewe."

Siku hizi sakafu ipo, na dirisha lipo. Mama mkwe huja kukagua, akiagiza kiti chake mwenyewe. Karibu na dirisha kuna pengo la upana wa kiganja, na ukichungulia utaona maji, na wakati mwingine miguu myekundu ikipita. Wageni humwambia fundi kwamba amesahau ubao. Fundi huwajibu kwamba ubao uko safarini, kisha hukaa kando ya pengo hadi giza liingie.