Kiganja Juu ya Boneti

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, naapa kwa macho yangu mawili. Atakayenikamata na uongo hata wa kulamba kidole, nitaliosha gari lenyewe kwa mikono yangu, nje na ndani, mpaka chini ya viti.

Basi, Muuguzi alikuwa amechoka. Amechoka na teksi zinazoghairi safari mama yake akiwa tayari mlangoni, magoti yakimuuma. Amechoka na mapacha wa dada yake wanaochelewa shule. Zaidi ya yote, amechoka na gari lake la zamani, alilouziwa na mwanamume mwenye ulimi wa asali, likafia njiani hata hajalizoea.

Jumamosi hiyo alitokea kazini moja kwa moja, sare nyeupe na raba za buluu, akaingia uwanja wa magari yaliyotumika. Honi, vumbi, watu wakimvuta huku na huku kama nguo ya mtumba. Mbele yake magari mawili ya diseli yalisimama ubavu kwa ubavu, kila moja viti saba. Moja jeupe, linang'aa kama sahani za wageni. Jingine la kijivu, limepauka paa, na aliyeliegemea ni mwanamume mrefu, shati la zambarau limemkaa utadhani alizaliwa nalo, utepe wa kupimia shingoni.

"Wewe dalali au fundi cherehani?"

"Fundi, dada. Utepe nimesahau kuuvua."

"Una watoto wangapi?"

"Sina. Na mke pia sina, kabla hujauliza."

"Bachela na viti saba! Ulikuwa ukibeba nani, majini?"

"Nilianza na viti, nikasema watu watakuja. Sasa nimechoka kubeba viti vitupu."

Muuguzi alitaka kucheka, akajizuia. Asali nyingine hiyo.

Dalali, mwenye lile jeupe, akajipenyeza katikati. "Mama, hilo la kijivu linakunywa mafuta kama liko harusini. Langu linanusa tu!"

"Sikilizeni nyote wawili. Diseli ikishapata moto, hata mbovu inawaka. Nitakuja kwa kila mmoja asubuhi, nilikute gari limelala. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Simu zikaanza kati yake na Fundi, kwanza za breki na matairi.

"Mkanda wa injini ulibadilisha lini?"

"Mwaka jana. Umekula?"

"Hilo linahusu gari?"

"Linahusu mteja. Mteja mwenye njaa hukata bei vibaya."

Katikati ya wiki, breki zilikuwa zimesahaulika. Yeye alikuwa "Nesi wangu", na Fundi alikuwa "Bwana Viti". Mama akapaza sauti kutoka chumbani, "Hilo gari mbona linaongea sana!"

Asubuhi ya miadi, teksi ya kwanza ilighairi, ya pili ikakwama kwenye foleni. Muuguzi akamalizia kwa miguu, jasho mgongoni. Fundi alimsubiri getini, shati limenyooshwa pasi kali. Muuguzi hata salamu hakumpa. Aliweka kiganja juu ya boneti.

Moto.

"Umeliwasha."

"Nilitaka tu..."

"Jambo moja! Jambo moja tu nilikuomba!"

"Nesi wangu, nisikilize..."

"Katafute nesi wa kukutibu uongo!"

Simu ya Fundi ilimfuata wodini akipanga dawa, ikamfuata nyumbani akimkanda mama magoti. Hakupokea.

"Mwanangu, pokea," mama akasema. "Muuza gari hapigi hivyo."

"Anapiga hivyo akiwa mwongo, mama."

Wiki ilipoisha, asubuhi, akaenda kwa Dalali. "Gusa, mama, gusa bila wasiwasi!" Boneti ilikuwa baridi, inachuruzika maji. Lakini matairi yalikuwa na vumbi la juzi. Nani huosha gari boneti peke yake? Akaifungua, akagusa injini, akaruka huku akipuliza kidole.

"Umelipasha moto, kisha ukalimwagia maji!"

"Mama, lina homa kidogo..."

Na lilipowashwa lilitoa moshi mweusi mzito, mtaa mzima wakakimbia kuanua nguo wakidhani mvua imekuja.

Muuguzi alisimama barabarani, kidole mdomoni, na hasira zikageuka kumtazama yeye mwenyewe. Huyu amepasha na kuficha. Yule amepasha akaacha boneti ya moto, akasimama pembeni aguswe. Mwongo gani anasahau kuficha?

Kesho yake alfajiri alibisha getini bila kupiga simu. Fundi akatoka na kaptula, macho yamejaa usingizi. Boneti ilikuwa na umande.

"Washa."

Fundi akasubiri taa ya koili, zile zinazopasha diseli kabla ya kuwaka, izime, akageuza ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza. Likakohoa tena, likatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ndipo likashika na kutulia.

"Ndicho nilichokuwa naficha," akasema, macho chini. "Asubuhi linakohoa. Nilitaka ulikute lina sauti nzuri. Kama mtu anavyofagia uwanja mgeni akija."

"Koili moja imechoka! Inabadilishwa kabla chai haijapoa! Yaani nimelia wiki nzima kwa ajili ya koili?"

"Ulilia?"

"Moshi wa Dalali. Haya, taja bei ya mwisho."

"Siuzi tena."

"We mwanamume! Unataka kuniua kwa presha?"

"Tazama kwanza." Akafungua milango. "Wewe hapa mbele. Mama nyuma yako, magoti yatanyooka, nimepima. Mapacha kule. Mimi kwenye usukani. Vinabaki viwili."

"Vya nani?"

Fundi akatoa utepe mfukoni mwa kaptula, akaukunja, akaukunjua. "Nilianza na viti, laazizi. Sasa nakuomba watu."

Gari likakohoa tena lenyewe, Muuguzi akazunguka upande wa dereva.

"Usukani," akasema, "nitashika mimi."

Wakaoana, na watu wa mtaa wa Dalali hadi leo wakiona gari jeupe huingiza nguo...

"Mjomba! Nguo zipi?" Mpwa wangu alikuwa nyuma yangu, na sare yake nyeupe. "Kwa Dalali kuna karakana tupu, hata kamba ya nguo hakuna!"

Mumewe alishaleta ndoo na sabuni.

"Mpaka chini ya viti, mjomba. Vyote saba."

Nikaosha, mgongo ukilia. Chini ya kimoja cha vile viwili nikaokota soksi, ndogo kama kidole gumba changu. Hiyo sijaitia chumvi.