Ndoo ya Mwezi wa Tisa

Mama Vitunguu alikuwa akimwagilia vitunguu vyake kwa kopo. Maji aliyateka kwenye chemchemi, juu kabisa mlimani, akayashusha kwa kichwa. Shamba lake lilikuwa na ngazi nne zilizojengwa kwa mawe kwenye mteremko. Ngazi tatu zilikuwa zimeshakauka. Ile moja iliyobaki ndiyo ingelisha nyumba mpaka mvua zirudi.

Pembeni ya shamba lilipita bomba la mradi wa zamani. Halikuwa na tone. Kila kiangazi kazi yake ilikuwa moja tu, mbuzi kujikunia migongo. Mama Vitunguu akilitazama, damu inamchemka.

Asubuhi hiyo mume wake alifika kutoka mjini. Yeye ni katibu wa kamati ya maji. Kila kiangazi, wanaume wote wa kamati hushuka mjini kufanya vibarua, na hurudi mvua zikianza. Safari hii walikuja kwa siku mbili tu, kusaini mradi mpya wa umwagiliaji.

"Mama watoto, hilo kopo litupe!" alisema huku akicheka. "Bomba jipya linakuja. Mashamba sitini yatapata maji."

"Sitini? Nani kapima?"

"Sisi kamati. Ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa sekunde nne. Niliandika kwa mkono wangu."

"Mwezi gani?"

"Wa nne."

Mama Vitunguu akaweka kopo chini. "Mwezi wa nne hata paa langu ni chemchemi! Na hili bomba la mbuzi, mlipima mwezi gani?"

Mume alikohoa. Akatazama viatu vyake. "Wa nne pia."

Mama Vitunguu alichukua ndoo tupu ya lita ishirini akaenda nayo moja kwa moja hadi shuleni, kwenye darasa ambamo kamati ilikuwa na kikao. Mume alimfuata nyuma, akimsihi apunguze sauti. Ndani walikaa wanakamati na fundi wa maji, mwanamke kijana aliyetumwa kukagua mpango.

"Mama, hiki ni kikao cha kamati," alisema mwenyekiti.

"Najua! Ndiyo maana nimekuja!" Mama Vitunguu alibamiza ndoo mezani. "Mnagawa maji ya kiangazi kwa kipimo cha mwezi wa nne, na kiangazi hakuna hata mmoja wenu anayekuwepo! Sisi wanawake ndio tunaopanga foleni kule juu, na hakuna aliyetuuliza. Mara ya kwanza, kwa lile bomba la zamani, mlinikaushia shamba. Mnataka kunikaushia tena?"

"Karatasi zimeshaandaliwa," mwenyekiti alinung'unika. "Leo ni kusaini tu."

Fundi alifunga faili lake. "Mimi niliambiwa vipimo hivi ni vya kiangazi," alisema. "Sisaini. Mama, tupeleke huko juu."

Walipanda wote. Mwenyekiti alitweta njia nzima. Kwenye chemchemi walikuta wanawake kumi na wawili wakisubiri, na madumu yao yamepangwa mstari. Fundi alikinga ndoo, akatazama saa ya simu yake. Sekunde nne zikapita, na maji hayajafika hata robo ya ndoo. Sekunde kumi, yakafika nusu. Ndoo ilijaa kwa sekunde ishirini.

"Mmeona?" alisema fundi. "Maji ya sasa, mwezi wa tisa, ni sehemu moja tu ya tano ya mliyoandika. Mradi wa umwagiliaji hupangwa kwa maji ya mwezi mkavu kuliko yote. Na si yote ya kuchukua. Ya kunywa hutangulia, na mengine huachwa yateremke kwa watu na mifugo wa chini."

"Kwa hiyo hakuna mradi?" aliuliza mume kwa unyonge.

"Upo, lakini si huo. Tutajenga tangi, likusanye maji usiku kucha. Mashamba yatamwagiliwa kwa zamu. Na kila shamba litaanza na eneo dogo, si lote."

"Zamu hizo atapanga nani?" Mama Vitunguu alidakia. Hasira ilikuwa bado haijamtoka. "Walioko mjini?"

Wanawake kwenye foleni waliangua kicheko. Siku hiyohiyo watano kati yao waliingia kwenye kamati, na Mama Vitunguu akawa msimamizi wa zamu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, tangi lilikuwa limejaa. Mama Vitunguu alipata zamu mbili kwa wiki. Hakumwagilia ngazi zote nne, alimwagilia mbili, na zote mbili zilikuwa kijani. Chini bondeni ng'ombe walikunywa kama kawaida.

Kamati ilipanda kupima tena. Mume alikuwepo, mwaka huo alikuwa amebaki nyumbani. Alikinga ndoo mwenyewe, akafungua daftari, kisha akampa mkewe kalamu.

"Andika wewe," alisema. "Miaka yote hiyo niliandika maji nisiyoyajua."

Mama Vitunguu aliipokea kalamu. Kabla ya kuandika sekunde, aliandika mwezi.