Kupe Umemtoa Wapi?

"Kunywa supu, halafu unijibu. Kupe umemtoa wapi?"

Mume wangu alishika bakuli kwa mikono miwili. Ilikuwa siku ya tisa ya vidonge. Homa ilikuwa imeshuka, lakini miguu bado ilimtetemeka. Pajani alikuwa na kidonda cheusi, ambacho daktari alikitazama akasema, "Hii ni homa ya kupe."

"Mke wangu, kweli sijui."

"Wewe fundi cherehani! Kutwa uko chumba cha mbele unashona. Kupe alikuja kushonesha suruali?"

Alitaka kucheka, akakohoa. Mimi sikucheka ng'o. Kupe nawajua, kazi yangu ni kuogesha ng'ombe joshoni, na nguo za joshoni hulala joshoni. Ndiyo sheria. Mtaani kwetu anayefuga ni mmoja tu, muuza maziwa, mjane mwenye umbo kama langu na maringo mara mbili ya yangu.

"Begi langu liko mlangoni," nikamwambia. "Ukinidanganya, naondoka leo."

Simu yake ikalia mezani. Nikaiwahi. Ujumbe wa muuza maziwa:

"Umepata nafuu? Kesho nije unipime tena? Mkeo asijue."

Jamani! Roho iliniuma.

"Unampima nini mpaka mimi nisijue?"

"Tulia kwanza, nitakueleza."

"Nitulie? Nimekukanda, nimekulisha kwa kijiko, kumbe nauguza mume wa watu!"

Nikampigia mwanamke mwenyewe, nikaweka sauti ya juu.

"Wewe na mume wangu mna nini?"

Akaangua kicheko, akamwambia mume wangu:

"Shemeji, mwambie tu! Mimi nimechoka kusimama kama mlingoti."

Mume wangu akainuka, akaenda chumba cha mbele akishikilia ukuta. Alirudi na koti zito la kijani, lenye zipu mpaka kidevuni na mpira wa kubana mikononi.

"Koti lako la kazi. Wewe na muuza maziwa mna umbo moja, nikampima yeye ili nikushtukize. Lile la zamani halifai, linapitisha wadudu."

"La zamani ulilionea wapi?"

"Si uliniletea nilitie kiraka, wiki tatu zilizopita? Nililipakata hapa jioni nzima."

Akagusa paja lake. Paja lile lile.

Nikakumbuka. Mfuko wa koti ulichanika, nikalitorosha kutoka joshoni ndani ya begi, asubuhi nikalirudisha, nikasahau. Wiki iliyopita nilimsema mume wangu kwa dada yangu: kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yenyewe kumbe yangu! Aibu ilinishika, nikakaa chini.

"Mume wangu, kupe nimemleta mimi. Umeugua kwa kosa langu, na bado nikakuita mwongo."

"Muuza maziwa bado yuko kwenye simu," akasema taratibu.

"Nipo!" sauti ikaitikia. "Nasubiri kuombwa radhi, mke mwenzangu."

"Nisamehe, dada. Ulimi wangu hauna breki."

"Umesamehewa. Ila kesho ukapimwe mwenyewe!"

Akakata. Nikamgeukia mume wangu.

"Na wewe je?"

"Vaa kwanza nione."

Nikalivaa. Akanifunga zipu mpaka kidevuni, akanikagua mikono yote miwili kama fundi.

"Hapa hapiti hata mmoja," akasema. "Nimekusamehe. Toa hilo begi mlangoni."

Supu ilikuwa imepoa. Nikaipasha moto, nikamlisha kwa kijiko, koti likiwa bado mwilini.