Sahihi ya Jaji wa Tatu

"Milioni mia nne na themanini, na maji juu yake," alisema Jaji Angelina. "Unataka kuwanyang'anya vyote kwa mkono wa maiti."

"Punguza sauti," alisema Jaji Patrisi. "Karani anasikia."

"Asikie. Si ndiye utakayemtuma?"

Marsela, karani, alikuwa pale pale mezani, vidole juu ya kompyuta, akijifanya anatafuta kosa la herufi. Alikuwa amechapa hukumu za mahakama ya juu kabisa ya nchi kwa miaka kumi na tisa, na hesabu ya jopo la watatu aliijua vizuri. Wawili wakikubaliana, kesi imekwisha. Wakibaki mmoja kwa mmoja, kesi inasikilizwa upya na wengine.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu. Kampuni ya hoteli ilizungushia uzio chemchemi ya bondeni Endabash. Wanakijiji wakashtaki, wakashinda, wakapewa maji yao na fidia hiyo. Kampuni ikakata rufaa. Majaji watatu wakaja kuona eneo kwa macho yao, wakapangishiwa nyumba moja nje ya mji wa Karatu waandikie humo. Walipokaa kujadili, Jaji Clemensi ndiye aliyeanza, maana ndivyo desturi yao: mdogo kazini husema kwanza, asije akawafuata wakubwa. Alisema wanakijiji wana haki. Angelina akasema hivyo hivyo. Patrisi, kiongozi wa jopo, akasema kampuni.

Siku nne baadaye moyo wa Clemensi ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Aliacha maoni yake kwa mwandiko wa mkono, kurasa kumi na moja. Zilikuwa kwenye mkoba wa Patrisi.

"Clemensi alibadili mawazo," alisema Patrisi. "Aliniambia mwenyewe."

"Lini?"

"Usiku, siku mbili kabla hajafa. Angelina, jina langu liko mezani kwa wakubwa. Wewe una miezi saba ya kustaafu, na ile nyumba ya serikali unaomba uuziwe. Andika unavyopinga, nani kakuzuia? Ila marehemu usimsemee."

Jaji Angelina alivuta karatasi, akaanza kuandika anavyopinga. Anayesema majaji hawanunuliki angekuwepo auone mkono ule.

"Nani kamwaga maji hapa?" aliuliza Patrisi.

Kiti cha tatu, cha Clemensi, kilikuwa kimelowa. Saa nne asubuhi, jua kali, wiki ya sita bila tone la mvua, na hakuna aliyekikalia tangu mazishi. Marsela alikifuta. Kitambaa kilinuka tope na majani yaliyooza. Alipotoka kukianika na kurudi, kiti kilikuwa kimelowa tena.

"Chapa hapa," Patrisi alimwambia. "'Nimesoma hukumu ya ndugu yangu Patrisi, nami nakubaliana nayo.' Tarehe weka ya siku mbili kabla ya msiba. Sahihi yake unaiweza. Mwenyewe alikuwa anatania kwamba unaisaini kumshinda."

"Mheshimiwa, zile zilikuwa fomu za posho ya dereva."

"Mkataba wako unaisha mwezi huu, Marsela."

Alichapa. Akatoa karatasi, akashika kalamu, akasaini. Alipoinua mkono tu, kitu kikakohoa kwenye kiti cha tatu, kikohozi kikavu, mara mbili, kama alivyokohoa Clemensi kila alipotaka kusema, na maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye kiti, taratibu, yakitambaa chini ya meza hadi kwenye viatu vya Patrisi ambaye alikuwa amekodoa macho bila kupepesa, na harufu ya tope ikajaa chumba hadi Angelina akaziba pua kwa mtandio, na sauti ambayo wote watatu walikuwa wameifukia kwa mikono yao kule Mbulu ikasema polepole, kama mtu asiye na haraka yoyote:

"Mdogo huanza. Wanakijiji wana haki."

Patrisi alituma gari Endabash kumleta bibi Penina, mtunza chemchemi. Bibi aligoma kuingia. Alisimama kizingitini, akanusa.

"Ni jini, bibi," alinong'ona Patrisi. "Mfukuze. Nitakulipa vizuri."

"Huyu ni netlangw, roho wa maji yetu. Nimfukuze vipi na ninyi ndio mmemwita? Mlikuja na vumbi lenu, wewe mzee ukanawa mikono kwanza, wenzako wakafuata. Hukuniuliza."

"Kunawa tu?"

"Kwako kunawa. Kwetu, anayenawa pale akiwa na shauri mkononi ameyaahidi maji neno, atasema alichoona. Ninyi wawili maneno yenu mnayo midomoni, mtajuana nayo. Huyu mwenzenu amekufa hajalitoa lake hadharani, na maji yamelifuata. Kama aliliandika, leteni karatasi zake zisomwe mbele ya watu. Yataondoka leo hii."

"Na zisiposomwa?" aliuliza Marsela.

Bibi aliutazama mkono wa kulia wa Marsela, akaondoka bila kuaga.

Patrisi alichoma kurasa zote kumi na moja kwenye jiko la mkaa. Zilifuka moshi mwingi, kama kuni mbichi. Kiti kikakauka. "Umeona?" alisema, na mchana ule alikula vizuri.

Hukumu ilisomwa: wawili kwa mmoja. Uzio ukarudi. Wafugaji wa Malambo waliozoea kuleta ng'ombe pale wakati wa kiangazi walikuta mlinzi. Patrisi alipata cheo chake, Angelina nyumba yake, na Marsela mkataba wa miaka mitatu.

Ila mkono wa kulia wa Marsela ulilowa tangu kiti kilipokauka, na haukukauka tena. Asubuhi moja alishika kalamu aandike orodha ya sokoni, na kalamu ikakimbia kwa mwandiko wa Clemensi, ukurasa baada ya ukurasa, hoja kwa hoja, wino ukilowa na kunuka tope, kurasa kumi na moja kamili. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alitumaini. Alipanda basi hadi kwa Angelina.

Angelina alizisoma zote amesimama mlangoni.

"Maneno ni yake. Mwandiko ni wake. Lakini hazina sahihi, dada. Sahihi yake iko kwenye hukumu, imepigwa muhuri."

"Nitaisaini sasa hivi, Mheshimiwa. Naiweza."

Aliweka kalamu chini ya mstari wa mwisho, akasukuma, akabana kiganja kwa mkono wa kushoto. Mkono haukwenda. Maji yalidondoka kwenye karatasi, na maneno yakaanza kufutika kuanzia juu. Angelina alifunga mlango wake mpya.

Nyuma ya Marsela, kwenye ngazi zilizokauka kwa jua la mchana, kitu kikakohoa mara mbili.

"Marsela. Nirudishie sahihi yangu."