Chakula cha Jumanne

Ndugu zangu wa mtaani, akina mama na akina baba, naomba mnisikilize kidogo. Sitamtaja mtu kwa jina, wala sitaki mtu achekwe. Nataka tuitazame nyumba moja tu, kwa sababu huenda zipo nyingine zinazofanana nayo.

Jumapili alasiri nyumba hiyo hutulia. Baba, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, hujinyoosha baada ya kuoga. Binti wa darasa la tatu hucheza kibarazani na mdogo wake. Mama husimama jikoni akipanga rafu. Haandiki popote, rafu yenyewe ndiyo mpango wake. Kushoto kabisa maharage ya Jumatatu, halafu viazi, kabichi, dagaa, na mayai mwishoni. Mchele hukaa chini, kwenye ndoo yenye kopo la kupimia.

Pesa ya chakula hutoka mara moja kwa wiki, basi. Kwa hiyo Jumatatu huchemsha maharage mengi: nusu yanaliwa na wali, nusu anayaweka kando, kesho yake anayaunga na viazi yakawa mchuzi wa Jumanne. Kabichi moja huitumia siku mbili, Jumatano peke yake na Alhamisi pamoja na dagaa. Ukimwona akipanga, utadhani anakunja nguo kabatini.

Mpango ulikuwa mzuri. Ulikuwa ukiharibika Jumatatu jioni.

Yule fundi mtaani tunamwita Karibuni. Alipewa jina hilo kwa sababu hawezi kufunga karakana bila kuwaambia wenzake wawili, twendeni kwangu.

"Mama watoto, tuna wageni," husema akiwa bado mlangoni.

"Shemeji, tumefuata harufu," mmoja hutania huku akivua viatu. "Tukizidi utufukuze."

"Nani afukuzwe kwangu? Kaeni. Mama, usiwapimie kama dawa."

Naye mama huingia jikoni, akafunua yale maharage aliyoyaweka kando, akapakua.

Hapa naomba tuelewane vizuri. Mgeni wa Jumatatu hali chakula cha Jumatatu. Anakula cha Jumanne. Jumanne italiwa kabichi ya Jumatano, na Jumatano dagaa wa Alhamisi. Ikifika Ijumaa rafu ni mbao tupu, na watoto wanakunywa uji usio na sukari. Na wale wenzake nao wana wake nyumbani, ambao vyungu vyao vilikuwa vinapoa.

Mama alisema. Mara ya kwanza alimwambia mumewe, "Wageni siwakatai, ila niambie mapema." Akajibiwa, "Unataka niaibike?" Mara ya pili akaambiwa ana mkono wa birika. Baada ya hapo hakusema tena. Hakununa wala hakulia. Alipika, akapakua, akaosha vyombo. Akiulizwa mbona hali, alijibu, "Mimi nimeshakula jikoni," na sufuria ilikuwa imekwanguliwa. Hasira ilimwisha kwanza. Baadaye hata njaa akawa haisikii, kama tumbo ni la mtu mwingine.

Binti yake alikuwa anatazama. Jioni moja wageni walipokaa, aliisukuma sahani yake kabla hajaigusa.

"Nimeshiba," akasema.

"Mmeiona adabu hiyo?" baba akawaambia wenzake. "Wangu hana tamaa."

Sahani ikasogezwa kwa mgeni, naye akala. Simlaumu, hakujua. Lakini mtoto aliyesifiwa hurudia alichosifiwa. Kila wageni walipokuja, alikuwa ameshiba.

Asubuhi moja alianguka shuleni akiwa kwenye mstari. Baba aliitwa kutoka karakana, akafika zahanati na miwani ya kuchomelea ikiwa bado kichwani. Mama alikuwa ameshafika, amekaa benchini na yule mdogo mapajani, anatazama sakafu.

Muuguzi alimshika mtoto mkono, akamuuliza taratibu, "Jana usiku ulikula nini, mwanangu?"

"Kulikuwa na wageni."

"Sawa. Wewe ulikula nini?"

"Kulikuwa na wageni," mtoto akarudia, kwa sauti ya kumweleza mtu jambo lililo wazi.

Muuguzi akainua macho kumtazama baba. Aliingia ndani akaleta kikombe cha maziwa na mkate. Mtoto aliutazama mkate, akawatazama wagonjwa waliokuwa wakisubiri benchini, kisha akausukuma upande wao.

Baba alitoka nje. Mama alipomfuata, alimkuta ameegemea ukuta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," akajibu mkewe. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Halafu nikachoka."

Jumapili iliyofuata Karibuni hakujinyoosha baada ya kuoga. Alisimama jikoni, akaonyeshwa kila kitu kwenye rafu ni cha siku gani.

"Na mgeni akija?"

"Ijumaa. Ukiniambia mapema, naongeza viazi."

Jumatatu jioni, karakana ikifungwa, wenzake walikuwa tayari wamenawa mikono. "Bosi, shemeji leo katuwekea nini?"

Karibuni alihangaika na kufuli muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Leo kimepikwa cha wanangu," akasema. "Njooni Ijumaa."

"Kumbe umekatazwa na mama," mmoja akacheka.

"Mwanangu alianguka kwa njaa," akasema. "Kwa sababu yangu."

Kicheko kikakatika. Wakaagana, kila mtu akaenda kwake.

Usiku huo mama alipakua sahani nne. Alisita na ya nne mkononi, kisha akaja akakaa nao mkekani. Alikula polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka ladha. Binti aliutazama mlango kwa muda. Ulipobaki umefungwa, akala.

FUNZO

Ndugu zangu, kukaribisha ni jambo jema, nami sisemi tuache. Nasema kabla hujamwita mtu mezani, ingia jikoni kwanza umuulize anayepika kama kipo. Ukarimu utolewe kwenye sahani yako, usitolewe kwenye ya mtoto. Mpango wa chakula cha wiki ni wa nyumba nzima, siyo wa mama peke yake. Na akikwambia ameshakula jikoni, nenda ukaitazame sufuria.